Pale Litakapokubali Gimbi

Mwanvita Abeid hakuwahi kulala Dar es Salaam usiku wa tatu. Mara ya kwanza alirudi Morogoro kwa sababu ya maji: alifua kanga yake mpaka mikono ikachoka, povu halikutoka, akasema maji yanayoikataa sabuni yatamkataa na mtu. Mara ya pili alirudi kwa sababu jirani wa nyumba ya nyuma alikuwa akisaga kitu kila alfajiri na hakuna aliyejua ni kitu gani. "Mimi silali karibu na watu ambao haijulikani wanasaga nini," alisema, akafunga begi. Binti yake Zuhura alimsindikiza stendi huku analia na kucheka kwa pamoja, maana ndivyo alivyolelewa.

Kwake ni Mwembesongo, na hata huko hakudondoka tu kama embe. Alizaliwa Kinole, juu milimani, ambako ukiangusha chungwa uani kwako unakwenda kuliokota kwa shemeji yako huko chini. Akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa, akashuka mjini na mume. Mume alipofariki akabaki na Zuhura wa miaka minne na swali la kuishi wapi. Ndugu wakamtafutia chumba Kilakala. Pazuri, miti, kimya. Alikaa miezi miwili. "Pale," alieleza baadaye, "ukitaka kugombana na mtu, kwanza uanze kumtafuta." Akahamia Mwembesongo, ambako ukipiga chafya unaitikiwa nyumba ya tatu, na huko ndiko aliko mpaka leo, kibarazani, anauza magimbi, ndizi na njegere kutoka mlimani, na maoni anatoa bure. Wapo wateja wanaofuata maoni. Magimbi wanayanunua kwa adabu tu.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu simu ikalia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Tumbo linasemaje?"

"Linapiga mateke."

"La kwetu hilo. Halafu?"

Zuhura ni muuguzi huko Dar, anakoishi na mumewe Hashimu, na anajua mama yake hapendi habari inayozunguka nyumba kabla ya kupiga hodi. Akasema moja kwa moja. Mwenye nyumba wao anavitaka vyumba vyake mwisho wa mwezi, kwa hiyo wanahama. Mtoto atazaliwa mwezi wa tatu. Likizo ya uzazi ikiisha, Zuhura anarudi wodini.

"Na mtoto atabaki na nani?"

"Na mimi," akasema Mwanvita.

"Wewe mama ni mtu wa siku mbili."

"Kwa sababu mnachagua mitaa kama watu waliofumba macho."

"Haya. Safari hii chagua wewe. Njoo Alhamisi, zunguka, mtaa utakaoupenda ndio tutakaohamia. Ila ukichagua umechagua, usije ukaniambia habari za povu. Na ukishindwa, Jumapili tunamjibu shangazi yake Hashimu."

"Tunamjibu nini?"

"Katutafutia binti wa kazi. Ana miaka kumi na tisa. Mpole."

"Mpole," Mwanvita alirudia neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anaheshimiwa, anapewa kiti, anakula vizuri, lakini ukoo ni wa upande wa mama, na huyo mjukuu wa kwanza alikuwa wa ukoo wa Mwanvita tangu hajaonekana tumboni. Na sasa alikuwa anaelekea kulelewa na mtu mpole. Atakuwa mtu wa namna gani?

Jioni ile ile alituma salamu Kinole, na kesho yake akaletewa vipando vitano vya magimbi, vimefungwa kwenye jani la mgomba na udongo wake. Akavitia katika mfuko. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Dalali anadanganya, ndiyo kazi yake. Mkwe anaweza kudanganya kwa heshima. Gimbi halijui kudanganya: likiikubali ardhi, hapo pana maji, pana rutuba, pana maisha. Kinole viwanja vya thamani ni vile vya chini kando ya kijito, ambako magimbi yanasimama na majani kama miavuli. Mama anamrithisha binti, na dada wa damu moja wanaweza kununiana miaka kwa ajili ya upana wa mikeka miwili. Mwanvita mwenyewe ananuniana na mtu kwa habari hiyo, ila hilo liko Kinole na tuliache Kinole.

Treni ya umeme ilimfikisha Dar kabla hajamaliza kumsimulia jirani wa kiti jinsi marehemu mume wake alivyougua. Ikabidi amalizie stesheni, wamesimama.

Alhamisi hiyo hiyo mkwewe Hashimu alimpeleka Kimara. Hashimu ni fundi umeme, kijana mrefu anayemwogopa mama mkwe kwa kiasi kinachofaa. Walimkuta dalali anawasubiri, jina lake Geofrey, ana simu mbili na viatu vilivyochongoka kama vinaonyesha njia.

"Hapa ni mlimani, mama," Geofrey alisema. "Upepo mwanana."

Mwanvita akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mlima uko wapi?"

"Si huu tuliosimama."

"Huu? Baba, kwetu hiki ni kichuguu. Mtu hashushi hata mzigo kupumzika."

Nyumba ilikuwa safi, uwanja umefagiliwa, na mama mwenye nyumba aliwakaribisha maji ya kunywa. Mwanvita akanywa, akashukuru, kisha akachuchumaa akachokonoa ardhi kwa kidole. Nyekundu, kavu, ngumu kama biskuti ya mwaka juzi. "Hapa gimbi litaomba talaka," alisema. Hashimu akatazama pembeni ili asicheke, na Kimara ikaishia hapo.

Ijumaa wakaenda Kigamboni. Upepo mzuri, hilo Mwanvita alikiri. Ila ardhi ilikuwa mchanga mtupu, na tena kuna kuvuka maji. "Siwezi kuishi mahali ambapo nikinuna nataka kuondoka, lazima kwanza nipange foleni ya pantoni. Hasira itapoa, nitaonekana sina msimamo." Wakarudi upande wa pili, wakaenda Tabata. Huko Geofrey aliwaonyesha nyumba ya vigae yenye geti refu kuliko mwenyewe. Mwanvita akauliza jirani anaitwa nani. Geofrey hakujua. Akamuuliza mpangaji aliyekuwa akihamisha vyombo, amekaa hapo miaka mitatu. Naye hakujua. Mwanvita akaurudisha mfuko wake begani.

Jioni alimkuta Zuhura ameinua miguu juu ya mto, imevimba kama mikate ya kumimina. Hakulalamika. Alimpa mama yake simu asome ujumbe wa shangazi: binti ameshafunga mizigo, anasubiri kuitwa.

"Ameshafunga," Mwanvita akasema. "Mpole gani ana haraka hivyo?"

"Mama, kesho ni Jumamosi."

"Najua siku."

Usiku huo Mwanvita, ambaye hujisifu kwamba usingizi wake haujawahi kuvunjwa na mwanadamu, aligeuka mara nyingi. Hakusema kwa mtu, lakini kitu kimoja alikuwa anakijua vizuri: hamtaki yule mjukuu kwa picha za simu. Anataka kumwogesha, kumkanda, kumsema.

Jumamosi Hashimu alikwenda kazini, kwa hiyo Geofrey akampitia peke yake kwa bajaji. Akampeleka mtaa mmoja wa bondeni ambao jina lake tusilitaje, maana wenyewe bado wanapangisha. Bajaji ikateremka, ikateremka tena, na Mwanvita akaanza kunyoosha shingo. Kijito kinapita. Mchicha umepandwa kwenye matuta yaliyonyooka. Na kando ya kijito, mbele ya macho yake, magimbi. Yamesimama kifuani kwa mtu, majani yanang'aa, yanatingishika kama yanamwita kwa jina.

"Simama," akamwambia dereva.

Alivua viatu. Udongo mweusi, mlaini, wa baridi. Karibu na hapo pana nyumba ya vyumba vitatu, imepakwa rangi mpya ya kijani nusu ya chini ya ukuta, juu imeachwa nyeupe. Geofrey akafungua mdomo kusifia, Mwanvita akamzuia kwa kiganja. "Usiiharibu. Nimeipenda kabla hujasema."

Geofrey hajawahi kuuza kirahisi namna hiyo. Alimwachia ufunguo palepale, akasema alasiri anarudi na mwenye nyumba na mkataba. Mwanvita akampigia Zuhura.

"Nimepata."

"Wapi?"

"Penye magimbi."

"Mama, penye magimbi ndiyo wapi hasa? Mama?"

Lakini Mwanvita huhesabu simu imekwisha akishamaliza la kwake. Aliuweka ufunguo juu ya kidirisha, akatafuta kijiti, akaanza kuchimba shimo la kipando cha kwanza.

"Wewe unayefukua fukua hapo, kwenu wapi?"

Ilikuwa sauti ya bibi mmoja kwenye uwanja wa nyumba ya jirani, mwembamba, amejifunga kanga kifuani, anapepeta mchele kwa kasi isiyolingana na umri wake.

"Shikamoo, mama. Kwetu Morogoro."

"Marahaba. Morogoro kubwa. Kuna mpaka watu."

"Kinole. Mimi Mluguru."

Bibi akaweka ungo chini. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza miaka. "Mluguru! Kajileta mwenyewe kwa miguu yake. Mimi naitwa Kalunde. Mnyamwezi wa Tabora."

Mwanvita akashusha pumzi. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za misafara. Tusi kwao ni salamu. Kwenye msiba mtani anaweza kulala ndani ya jeneza akadai kilemba, yaani malipo ya utani wake, na siku ya kawaida anaweza kuingia uani kwako akabeba kuku akaondoka, na wewe kazi yako ni kucheka. Anayekasirika ameaibisha kabila zima. Mwanvita alikuwa na ulimi, lakini Kinole nzima sasa ilikuwa mgongoni kwake.

"Rudisha ile shikamoo yangu," alisema. "Nimeipotezea kwa mchukuzi. Mlibeba meno ya tembo ya wenzenu kutoka Tabora mpaka pwani, mpaka leo hamjui pa kutua mzigo, mmeganda bondeni."

"Afadhali sisi tulitembea. Nyie mmekaa kwenye mteremko mpaka mguu mmoja ukawa mfupi. Hebu simama nikuone. Unaona? Tambarare inakushinda."

Kalunde alikuwa amevuka uwanja akiongea. Alipofika dirishani alinyoosha mkono, akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

"Mama, huo ufunguo wa watu."

"Ulikuwa wa watu. Sasa wa mtani."

"Nipe. Alasiri nasaini mkataba."

"Kasirika basi, nikusikie."

 Kilakala Mwanvita alikosa mtu wa kugombana naye; hapa mtu alikuwa amesimama mbele yake, na kukasirika ni marufuku. Akajaribu kucheka, kikatoka kitu kama kikohozi.

"Nitaukomboa kwa kitu gani?" aliuliza.

"Kwa macho yako. Njoo ndani kwangu."

Alimwongoza mpaka chumbani. Palikuwa na kitanda kilichoinuliwa juu ya matofali, matofali manne kila mguu, na kabati la mbao. "Shika huku," Kalunde akasema, wakalisogeza kabati pamoja, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba kabila lake halina nguvu. Nyuma ya kabati ukuta haukupakwa rangi. Ulikuwa na mistari ya matope makavu, mmoja juu ya mwingine, kama vipimo vya mtoto anayekua.

"Huu wa chini hatukuuogopa," Kalunde alisema. "Huu tulikaa juu ya meza. Huu wa juu ni wa mwaka jana. Niliokolewa kwa kamba, mimi na redio."

Mwanvita akasogea, akaweka kiganja juu ya mstari wa mwaka jana. Ulimfika kifuani. Kisha, bila kusema, akashusha mkono taratibu mpaka mahali ambapo huwa kinafika kitanda cha mtoto. Akauacha hapo kidogo. Akakumbuka ile rangi ya kijani, nusu ya chini tu ya ukuta.

"Magimbi yamestawi hivi," alisema polepole.

"Yanastawi nini? Yanaogelea. Mluguru akiona gimbi anaona chakula. Mtu wa hapa akiona gimbi anauliza maji yalifika wapi."

"Mbona na wewe upo?"

"Mimi nilipojenga, mto ulikuwa kule. Mto ndio uliohamia kwangu, sikuufuata mimi. Kila masika nakwenda kwa mwanangu Mbagala, mkewe ananipokea kwa kushusha pumzi. Mvua ikikatika narudi."

"Na wapangaji wanaokuja hapo kijani huwaambii?"

"Niliwaambia wa kwanza. Wakasema namwonea wivu mwenye nyumba. Wa pili akaniita mchawi. Nikaacha. Wewe si mpangaji, wewe mtani. Wewe nina haki ya kukuibia." Akakaa kitandani, miguu inaning'inia juu ya yale matofali. "Hebu niambie, Mluguru. Mmezaliwa juu, mmekulia juu. Mkifika Dar mnakimbilia shimoni mnatafuta nini?"

"Juu nilikwenda. Kimara. Gimbi haliwezi kuota pale."

"Unakuja kulea gimbi au kulea mtoto?"

 Mwanvita alikuwa na jibu, kwa kweli alikuwa nayo majibu manne, lakini yote yalikuwa ya gimbi.

Alasiri Geofrey akafika na karatasi zake na mwenye nyumba anayetabasamu. Kalunde akafungua fundo la kanga na kumrushia ufunguo. "Mpangaji wako kaibiwa na mtani wake. Mtafute mwingine."

"Mama," Geofrey alimgeukia Mwanvita, "hii nyumba watu wanaigombania."

"Nimesikia. Wanagombania na mto. Mimi namuunga mkono mto." Akavaa viatu. "Twende Kimara, kabla magharibi haijaingia."

"Ulisema kichuguu."

"Ni kichuguu. Nimeshindwa kuona kingine."

Kabla hajapanda bajaji Kalunde aliingiza mkono kwenye mfuko wa Mwanvita, akatoa kipando kimoja na kukinusa. "Kilemba changu," alisema. Mwanvita alimwangalia akiondoka nacho, kipando cha Kinole kilichopanda treni ya umeme, na akacheka, safari hii cheko lenyewe.

Kimara, mama mwenye nyumba alimkuta mgeni wake wa Alhamisi amerudi na amesimama katikati ya uwanja na chupa ya maji. Mwanvita aliimimina chupa nzima chini, polepole, akainama kutazama. Maji yalisimama kidogo kama yanafikiri, kisha yakatafuta njia, yakapita mbele ya kizingiti bila kukigusa, yakateremka barabarani na kwenda zake.

"Hapa maji yanaaga," alisema. Kisha akauliza jirani wa kushoto anaitwa nani.

"Mama Janeth. Ana mdomo huyo."

"Nitamzoea," Mwanvita alisema, na macho yake yakachangamka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Usiku huo, wa tatu, Zuhura alitandika kitanda cha mama yake na kukaa ukingoni. "Kesho unarudi?"

"Kesho namjibu shangazi. Mwambie binti afungue mizigo. Lala."

Mtoto alizaliwa katikati ya mwezi wa tatu, msichana, na sauti aliyotoka nayo ilimridhisha bibi yake kabisa. Vipando vinne vilivyobaki vilitiwa kwenye ndoo kuukuu zilizotobolewa matundu, vikawa vinanyweshwa maji ya kuoshea vyombo. Viwili vilikufa. Kimoja kilinuna. Cha nne kilitoa jani moja, halafu la pili dogo kama sikio la mbuzi, na Mwanvita alikuwa anakisalimia kila asubuhi kabla ya kumsalimia Hashimu.

Kisha masika ikaanguka. Siku ya pili ya mvua bajaji ilisimama mlangoni, godoro limefungwa juu yake kwa kamba na kufunikwa turubai. Akashuka Kalunde, redio kwapani.

"Hodi. Mbagala wameshusha pumzi mpaka zimekwisha. Nimeona nije kwa wasiojua kuchagua, dalali wako kanielekeza."

"Wanyamwezi siku hizi mnabebewa?" Mwanvita aliuliza akiwa mlangoni, mtoto begani. "Mizigo mmewaachia nani?"

"Tumewaachia Waluguru. Shika godoro."

"Na nyumba yako?"

"Nimemwachia mto aiangalie."

Kalunde hakuingia ndani moja kwa moja. Alisimama kwenye ndoo, akalitazama lile gimbi lenye majani mawili, akaliinamia, akaling'oa na mizizi yake. Kigimbi chenyewe kilikuwa kama yai la kuku. Akakipangusa kwa kanga.

Zuhura aliyekuwa dirishani akashika mdomo. Alijua mama yake ameshindwa kulala Dar kwa mambo madogo kuliko hayo.

Mwanvita akatazama ile ndoo tupu. Akamtazama mtani wake aliyelowa. Nje maji ya mvua yalikuwa yanapita mbele ya kizingiti, yanateremka, yanakwenda bondeni kwa wengine.

"Lilikuwa la mjukuu hilo," alisema.

"Ana meno?"

"Hana."

"Basi weka maji jikoni."

Mwanvita akampa mtoto ampakate, akaenda kubandika sufuria.